Nyumba Niliyosema Nimeijenga Peke Yangu

Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoke mapema, salamu nimezileta za kutosha, kila mtu achukue yake. Leo nasoma karatasini. Mwenyekiti wa chama chetu ndiye aliyenilazimisha, anajua nikianza kusema kwa kichwa chakula kitapoa. Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, na shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo mkisikia neno limekaa upande, lisukumeni likae sawa.

Mnanijua. Asiyenijua basi si mtu wa Likoni, kaja jana. Nina nyumba tatu, na hata jembe sikurithi. Nilitoka Kinango na viatu vya plastiki, kimoja kimetoboka, nikaingia mabohari ya Changamwe kubeba magunia ya kahawa. Wenzangu walibeba moja, mimi nikibeba mawili. Nilipofika miaka ishirini na sita nilikuwa nimeshasimamisha nyumba ya Kiswahili pale Timbwani, vyumba sita na ukumbi katikati. Sisemi haya kwa kujisifu. Haya basi, ni kujisifu kidogo, lakini ni kweli.

Au nilidhani ni kweli. Ndiyo sababu nimesimama hapa.

Mtoto wangu wa kwanza ni wa kiume. Nilimsomesha mimi, mpaka chuo, akatoka na cheti cha ukarani wa kutoa mizigo bandarini. Nikajua basi, huyu kashafika. Lakini ndugu zangu, mnajua ilivyokuwa. Mizigo ikaanza kupanda reli na kwenda bara moja kwa moja, na yale mabohari yaliyonitajirisha mimi yakafungwa moja baada ya jingine. Kijana akapata kazi ya miezi mitatu, akakaa nyumbani miwili. Akapata ya wiki mbili, akakaa tena. Akafika miaka ishirini na tisa hivyo hivyo.

Alikuwa akilala chumba cha nyuma, kwenye nyumba yangu ile ya Timbwani. Na sasa nawaambia jambo ambalo hata mke wangu hapendi nilitaje: nilimtoza kodi. Mwanangu wa kumzaa. Akichelewa namgongea mlango kama mpangaji yeyote. Nilijiambia nampa ukakamavu. "Mimi kwa umri wako..." Maneno hayo niliyasema mara nyingi mpaka mdogo wake wa kike akawa anayasema kabla yangu, kwa sauti yangu, na mkono kiunoni.

Kijana akapata mchumba. Binti wa watu wa heshima, huku huku kwetu. Tukapeleka posa.

Sasa, vijana, kama hamjui mila, sikilizeni. Kwenye posa baba hasemi. Asemaye ni mshenga. Baba huvaa kanzu, hukaa, hunyamaza, hula anachopewa. Mshenga wetu alikuwa jirani yangu, mtu wa maneno laini kama maziwa, na yeye na mke wangu walikuwa wameshapatana kila jibu. Ami yake binti akauliza lile swali linaloulizwa siku zote: "Tumefurahi kwa ujio wenu. Sasa huyu mtoto wetu mtamweka wapi?"

Mshenga alikuwa na jibu lake mdomoni. Kwao kijana pana nafasi. Maneno manne tu.

Mimi nikamkata. Nikasema, "Hilo muulizeni bwana harusi mwenyewe. Mimi kwa umri wake nilikuwa na vyumba sita. Yeye ana simu."

Nikacheka. Nikacheka peke yangu. Nyuma ya pazia vikombe vilikuwa vikipangwa, vikanyamaza. Mshenga akatazama miguu yake, na mwanangu kando yangu akatazama yake. Ami yake binti, mtu muungwana, akasema polepole, "Basi kijana ajipange kwanza. Tutaitana." Nyote hapa mwajua hilo ni "hapana" lililotiwa sukari.

Njiani mwanangu aliniambia neno moja. "Ahsante, baba." Hakulisema kwa ubaya. Siku ya tatu godoro lake halikuwapo. Ufunguo aliuacha dirishani, na chini yake kodi ya mwezi ule, kamili.

Miezi minane ikapita. Alimpigia mama yake simu kila Ijumaa, na mama yake alitoka uani kuzungumza naye. Mimi nikajifanya sisikii. Lakini nitawaambia kilichoniumiza kuliko yote. Mke wangu ni mtu wa kunijibu, tangu tuoane ananijibu, nikisema nyeupe ananiambia kijivu. Akaacha kunijibu. Kila nililosema, "Sawa, bwana." Nyumba ikawa kama imefiwa.

Asubuhi moja niko barazani namhadithia mgeni jinsi nilivyojenga. Mke wangu akatoka na beseni la nguo, akasimama.

"Bwana, kajenge nyingine."

"Nini?"

"Kwa njia ile ile uliyojengea hii. Mikono si unayo? Jenga moja, umpe mwanao, umwonyeshe ilivyo rahisi."

Mgeni akajifanya anakohoa. Mimi na ubishi wangu nikasema, "Kesho naanza."

Na wallahi nilianza. Sikutafuta dalali. Nilitembea kama tulivyotembea sisi zamani: unabisha hodi, unaamkia, unaomba kipande cha kujengea. Vijana mliozaliwa juzi, hii ndiyo tuliyokuwa tukiiita nyumba bila shamba. Nyumba yako, ardhi ya mwenyewe, na kila mwaka unampelekea kodi ya kiwanja. Nusu ya Likoni imejengwa hivyo. Siku nne nilizunguka. Mlango wa kwanza, mzee aliniuliza nimetumwa na dalali gani. Wa pili, mama mmoja aliita wanawe wanitazame vizuri sura. Nikavuka mpaka Kiembeni, huko hata mwenye mlango sikumwona, nilizungumza na askari wa geti na mbwa.

Siku ya nne nikasema, niende kwa wenye ardhi yangu ile ile ya Timbwani. Bikizee aliyenipa kiwanja keshafariki, Mungu amrehemu. Nje ya nyumba yao nilimkuta mjukuu wake wa kike, rika la mwanangu, anakaanga viazi karai.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuomba kiwanja kingine, kama kile bibi yako alichonipa."

Akacheka, akageuza viazi. Akanitazama tena, akaona sifanyi mzaha. "Ami, wajukuu tuko kumi na tisa. Kilichobaki ni hapa nilipoweka jiko. Mimi mwenyewe nimepanga." Akafuta mikono. "Kwani bibi siku ile alikwambia ulete nini?"

Ikabidi nifikiri. "Hakuniambia nilete kitu. Alisema, weka msingi kwanza, kodi utaleta ukishatulia."

"Ukatulia lini?"

"Mwaka wa tatu."

"Hakukuuliza una kazi gani?"

"Hakuniuliza."

"Alikuwa akikujua?"

"Hapana. Nilikuwa nikipita tu hapo nje."

Hakunikejeli. Afadhali angenikejeli. Alinitilia viazi viwili kwenye karatasi, akanisogezea kigoda. "Kula, ami. Nimetia ndimu."

Nikakaa pale nikala, na yakaanza kunirudia. Mwenye machimbo aliyenipa mawe kwa ahadi ya mdomo. Makuli wenzangu wa bohari, Jumapili tano mfululizo walikuja kuinua kuta, malipo yao wali na samaki. Fundi mmoja aliyenitilia milango akasema atarudi kudai, hakurudi. Hadithi ile nimeihadithia miaka na miaka, barazani, matangani, harusini, hata mmoja wao sikuwahi kumtia ndani. Nilikuwa nimewatoa wote nikabaki mimi na magunia mawili.

Nikarudi nyumbani nikamwomba mke wangu aniambie kijana anakaa wapi. Akaniambia bila kuinua kichwa kutoka kwenye mchele wake. Mtaa wa Ziwa la Ng'ombe, ng'ambo ya feri. Lakini alipomaliza kunielekeza akaongeza, "Na usivae hiyo kofia yako ya kutisha watu." Nikajua ameanza kunijibu tena.

Kesho yake nilivuka na feri ya alfajiri. Nilimkuta mlangoni anafunga kamba za viatu. Chumba kimoja, vijana watatu, magodoro mawili, kwa sababu mmoja wao hufanya kazi usiku.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wenda wapi?"

"Kutafuta kibarua."

"Twende."

Akanitazama, akafunga mlango, tukaenda. Tulifika kwenye geti la yadi moja ya makontena. Vijana waliokuwa pale ungesema ni sala ya Idi. Msimamizi akatoka na simu yake mkononi. Mimi sikuweza kujizuia, nikajitokeza mbele na kifua changu: "Kijana, mimi nilikuwa nabeba magunia mawili ya kahawa kwa mpigo mmoja, na huyu ni damu yangu!"

Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Msimamizi akaniamkia kwa heshima. "Mzee wangu, hapa hakuna anayebeba. Mashine ndiyo inayobeba. Leo nataka sita tu, wa kufunga minyororo." Akasoma majina sita. La mwanangu halikuwamo.

Nilidhani tutaondoka. Hakuna aliyeondoka. Mwanangu akaniambia, "Tunangoja mpaka saa nne. Pengine mmoja atashindwa." Tukakaa ukingoni mwa barabara.

"Kila siku waja hapa?"

"Siku tano. Jumamosi naosha magari."

"Tangu ulipohama?"

"Tangu nilipokuwa nakulipa kodi, baba."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoanguka. Nilikuwa nimekaa, lakini nilianguka. Zile pesa nilizokuwa nikizipokea mlangoni na kuzitia mfukoni bila kuziangalia, mtoto alizitoa hapa, kwenye jua hili, kwa kungoja mwenzake ashindwe. Nikalia. Mtu mzima, mwenye nyumba tatu, mbele ya vijana wale wote.

"Baba, watu wanatazama."

"Watazame."

Akavua kofia yake ya kibarua, akanivika mimi, akaishusha mpaka machoni. Akasogea, bega lake likagusa langu, tukakaa hivyo.

Chini ya kofia ile ndipo nilipomweleza habari za bikizee, na za mawe, na za wale makuli. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mbona hukuwahi kuihadithia hivyo?"

"Sikuwa nikikumbuka."

"Lakini magunia ulikuwa ukiyakumbuka."

"Magunia nilikuwa nikiyakumbuka," nikasema, na mwanangu akacheka. Nikamwambia, "Nisamehe, baba." Ndivyo nilivyomwita. Akasema, "Yamekwisha." Mimi najua hayakwisha siku ile. Lakini alisema.

Saa nne ikafika, hakushindwa mtu. Tukarudi Likoni pamoja.

Posa tuliipeleka tena. Mshenga alikubali kwa sharti moja: nikifungua mdomo, yeye anainuka na viatu vyake. Nilikaa kama gogo. Lile swali likaja tena, mtamweka wapi. Mshenga akanitazama, akanihurumia, akasema, "Hapa baba mtu nampa ruhusa. Dakika moja."

Nikasema: "Siku ile niliwadanganya. Kiwanja nilipewa na mtu asiyenijua, na kuta niliinuliwa na watu nisiowalipa. Mwanangu huyu hajapewa hata na anayemjua. Vyumba viwili vya mbele ni vyake, si vya kupanga. Na mkitukataa, kosa ni langu, lake halimo."

Wallahi hata kuomba radhi, hakuna aliyewahi kuomba vizuri hivyo upande huu wa feri. Mshenga mwenyewe alikiri. Ami yake binti akageukia pazia: "Leteni kahawa!" Sauti ya mwanamke ikajibu kutoka ndani, "Tulieni, bado haijachemka!" Watu wakacheka wote, na safari hii sikucheka peke yangu.

Wameshaoana, wako vyumba vya mbele. Sikuja kuwaambia mambo yamekwisha. Mwanangu hajapata kazi ya kudumu mpaka leo, bado huenda getini. Ila kwa kuwa hatoi kodi, yeye na rafiki yake wamenunua mashine ya kuoshea magari. Mke wake anasema inavuja. Mimi nasema ni mashine nzuri sana.

Namshukuru mke wangu, aliyenituma kujenga. Namshukuru mshenga, na yule binti wa viazi. Kodi ya kiwanja niliyokuwa nikiwalipa ni ile ile ya zamani, nimeipandisha mwenyewe bila kuombwa. Yeye alidhani nimekosea kuhesabu. Nawashukuru makuli wenzangu, walio hai na waliotangulia. Nimechelewa sana kuwashukuru. Na namshukuru mwanangu, aliyenivika kofia.

Wenye nyumba tuliomo humu tunajuana. Sisi tulianza wakati mtu akipewa pa kuwekea msingi kwa kuamkia tu. Hawa watoto wanaamkia na hawapewi. Si wavivu, jamani. Nimekaa nao getini, nimewaona.

Kwa hiyo nimemwomba katibu afungue ukurasa mpya kwenye daftari la chama. Mwenye vyumba vya kutosha atoe kimoja, mwaka mmoja, bila kodi, kwa kijana anayeanza. Awe wako au awe wa mwenzako. Jina langu nimeshaliandika la kwanza, kwa herufi kubwa, kama mnavyonijua. Kalamu iko pale mezani.