Nguo Nyeusi ya Azucena Morente

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Ni saa nne asubuhi hapa Santa Inés, na mimi ni Nohemí Barillas. Kama umeloweka nguo, ziache zilowe. Kama una sufuria motoni, punguza moto, uje ukae. Leo tunamkumbuka fundi wetu wa nguo, Azucena Morente, aliyefariki wiki mbili zilizopita akiwa na miaka hamsini na mmoja.

Narudia jina, maana kanisani mlisikia jingine. Azucena Morente. Padri alisoma Wenceslao. Msalaba wa kaburini umeandikwa Wenceslao. Hapa redioni, kwa nusu saa hii, ni Azucena, na anayekereka azime redio.

Alizaliwa mtaa wa nyuma ya mabirika ya kufulia. Mkunga alisema ni mvulana, na nyumba nzima ikasadiki, isipokuwa mwenyewe. Akiwa na miaka kumi na saba alishona sketi ya bluu, akaivaa mchana kweupe, akaenda kununua mikate ya tortilla. Kaka yake, Toribio, alinisimulia hivi: "Baba alimngoja mlangoni na mkanda. Alichapwa pale pale kizingitini. Lakini tortilla hakuangusha hata moja. Aliingia, akaziweka mezani, akasema chakula tayari."

Baada ya hapo hakuvaa suruali tena. Miaka thelathini na minne, wasikilizaji.

Mnafikiri ni jambo jepesi. Aliamka saa kumi na moja, akakaa mbele ya kioo na kibanio, akang'oa ndevu moja moja. Halafu poda. Halafu hereni. Saa moja kamili alifungua mlango wa duka, na hakuna mteja aliyewahi kumkuta bila hereni. Akienda sokoni, yule muuza nyama mwenye masharubu alimpigia kelele watu wasikie: "Karibu, bwana." Kila siku ya Mungu. Na Azucena alimjibu: "Asante, mama, nipe nusu kilo, na usinipe mafuta matupu."

Soko zima lilicheka, na mimi nilicheka. Kesho yake muuza nyama alimwita bwana tena. Azucena alimshinda kila siku, na kila siku ilibidi aanze upya. Sisi tuliokuwa tukicheka hatukuchoka, kwa sababu si sisi tuliokuwa tukiitwa.

Sasa niwaambie alichokitaka. Alitaka kitu kimoja tu: Ijumaa Kuu, abebe sanamu ya Mama wa Huzuni begani pamoja na wanawake. Mtaa mmoja. Hatua mia mbili.

Mnajua mambo yetu ya maandamano. Wanaume wana kanzu za zambarau na wanambeba Bwana. Sisi tuna nguo nyeusi na mitandio ya lesi na tunambeba Mama. Kila mbebaji anapimwa kutoka sakafuni hadi begani, wenye mabega ya kimo kimoja wawekwe pamoja, machela isiende upande. Na aliyetupima ni nani? Azucena, kwa futi yake ya kitambaa. Nguo zetu alishona nani? Azucena. Aliyajua mabega ya wanawake wa mji huu kuliko waume zao.

Kila mwaka, akishamaliza kutupima sisi sote, alijipanga wa mwisho kwenye foleni. Mimi ndiye karani wa zamu za kubeba. Mimi ndiye niliyeandika. Bega lake lilikuwa sentimita mia moja thelathini na nane. Na kila mwaka mwenyekiti wetu, Bi Hercilia, alimjibu yale yale. Nawapeni maneno yao kama nilivyoyasikia.

"Bi Hercilia, nipe hata mtaa wa nyuma ya gereza, ule usiotakiwa na mtu."

"Bega unalo, Wenceslao, silikatai. Lipeleke kwa wanaume wenzako."

"Wewe bega lako amelipima nani?"

"Wewe."

"Na hiyo nguo uliyovaa?"

"Wewe, na imenikaa vizuri sana. Haya, nani mwingine?"

Hakukuwa na mwingine. Yeye ndiye alikuwa wa mwisho.

Kisha mimi nilichukua kadi ya upande wa wanaume, nikaandika Wenceslao Morente, nikampa. Kadi kumi na tisa kwa miaka kumi na tisa. Hakuitumia hata moja. Ningeweza kuandika jina jingine kwenye kadi nyingine. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Niliogopa kunyang'anywa zamu yangu mimi, maana zamu yangu ni ile ya kutoka kanisani, inayopigwa picha. Ndivyo nilivyo, wasikilizaji wapendwa, na mmenisikiliza miaka yote hii mkidhani nina moyo mwema.

Hata hivyo alijishonea nguo. Nyeusi, mikono mirefu, kola ya lesi aliyoifuma mwenyewe Kwaresima nzima. Aliileta kwangu, hakuiweka kwake, kwa sababu vijana walishawahi kumvunjia duka na kuchanachana walichokikuta kabatini.

"Nitunzie, Nohemí. Wakinipa zamu, nitakuja mbio kuichukua. Wasiponipa, nizikwe nayo."

"Mbona upindo umeuacha mpana hivi?"

"Nikizeeka si nitarefuka?"

"Watu wakizeeka hufupika, wewe."

"Basi watu. Mimi lini nilifanya mambo kama watu?"

Tulicheka hadi kahawa ikapoa. Nguo ilikaa kabatini kwangu miaka saba.

Kwaresima hii alishikwa na homa na kifua. Nilimpeleka zahanati. Tulikaa kwenye benchi, watu wamejaa. Nesi akatoka na karatasi. "Wenceslao Morente." Azucena akatazama mbele. "Wenceslao Morente." Wanawake wawili wakaanza kuchekea mitandioni.

Nikamwambia, "Simama, mwenzangu. Ni jina tu."

Akanijibu kwa sauti ya kukwaruza, "Kwako ni jina tu. Nikisimama, nimekubali."

Nesi aliita mara ya tatu, akatutazama sisi wawili moja kwa moja, akajua, akasema, "Anayefuata." Tulikaa pale hadi wakafunga. Siku ya pili tukarudi, yakawa yale yale. Siku ya tatu hakuweza kutembea. Toribio alimbeba mgongoni, na jina lilipoitwa, Toribio ndiye aliyeitika. Hapo wakampokea. Ilikuwa Jumanne. Alhamisi akafariki. Daktari alisema, "Mngemleta siku mbili kabla." Tulikuwa tumemleta siku mbili kabla.

Sasa sikilizeni vizuri. Nilipofika nyumbani kwa Toribio, marehemu alikuwa tayari sebuleni. Nywele zake, zile zilizofika kiunoni, zilikuwa zimenyolewa. Hereni zilikuwa zimevuliwa, na matundu ya masikio wameyaziba kwa nta ya mshumaa. Na alikuwa amevikwa kanzu ya zambarau ya wanaume.

Mnajua kanzu ile hazikwi nayo mtu yeyote tu. Ni ya waliobeba miaka thelathini. Toribio alikuwa analia kama mtoto. Aliniambia: "Nimemvika yangu, Nohemí. Yangu mwenyewe. Mimi siku yangu nitazikwa na shati. Chama cha wabebaji kilikataa, nikawapigia magoti, wakakubali. Kuna heshima inayozidi hiyo?"

Alimpenda. Hilo ndilo linaloniumiza hadi leo. Angekuwa na chuki ningemfokea. Lakini alimpa kitu chake kikubwa kuliko vyote, akiwa na hakika kwamba anamtendea wema, na hapakuwa na kitu duniani ambacho Azucena angekichukia zaidi. Nguo nyeusi ilikuwa kabatini kwangu, mwendo wa dakika nne. Wanaume wa chama walikuwa wamejipanga ukutani. Bi Hercilia alikuwa anagawa tamale za mahindi. Aliniambia, "Angalia alivyopendeza. Mwisho wa yote karudi kuwa mwanamume."

Na mimi nikasema, "Ndiyo, Bi Hercilia."

Wakamzika hivyo.

Ningetamani niishie hapo, ila bado. Jumanne iliyopita Bi Hercilia alipita kwangu kwa ajili ya orodha ya zamu. Kabati lilikuwa wazi. Akaiona.

"Lesi gani hii. Ya nani?"

Nikajibu, "Ya mtu ambaye hakuja kuichukua."

"Mpwa wangu amekuja kutoka mji mkuu hana nguo. Nipe nimjaribishe."

Nikampa. Jioni ile ile alinitumia salamu kwamba imemkaa kama alipimiwa, na kwamba nimwandikie zamu. Nikaandika. Bega: sentimita mia moja thelathini na nane.

Toribio, najua unasikiliza, redio yako haizimwi. Pole sana. Pole za kufiwa na kaka umepewa na mji mzima. Mimi nakupa pole ya kufiwa na dada, na sidhani kama kuna mwingine atakayekupa. Kwa wateja wake wote, poleni. Kwa muuza nyama, pole wewe pia, sasa hutamwita mtu bwana.

Na ninyi nyote, wasikilizaji wapendwa, mtafakari pamoja nami. Ijumaa Kuu, baada ya saa tisa, mkiwa mmesimama pembeni ya mazulia ya vumbi la mbao yaliyotandazwa barabarani, na mkate wenu wa asali mkononi, Mama wa Huzuni atapita mtaa wa mabirika ya kufulia. Tazameni zamu ya kumi na nne, bega la kushoto, mtu wa tatu. Binti mgeni, mrembo, hana kosa lolote. Nguo aliyovaa ina kola ya lesi na upindo mpana kupita kiasi. Ni ya Azucena Morente. Itabeba hatua mia mbili, mtaa ule ule alikozaliwa, na wengi wenu mtasema imeshonwa vizuri.

Baada ya kipindi hiki nitafutwa kwenye orodha. Sawa. Zamu yangu ya kutoka kanisani iko wazi, kadi yake sijaijaza jina, na kalamu bado iko mkononi mwangu.