Ufunguo wa Mama Agutu

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu. Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji. Ndugu Josephat, Afisa Ugani wetu. Mchungaji wetu na shehe wetu, mliokubali kukaa benchi moja. Wageni waalikwa mliotoka Butimba, Nyegezi na Magu. Wanakikundi wenzangu wa Tusichoke. Majirani zetu wa hapa Kisesa. Wazee wangu, shikamooni. Mimi ni Shamsa Lukman, mwenyekiti wa kikundi hiki, na kama kuna kiongozi niliyemruka, anisamehe, nina wasiwasi mwingi leo.

Kadi zenu zinasema tumekuja kwa mambo mawili: kuzindua banda letu la pili la uyoga, na kumuaga mwanzilishi wetu, Mama Agutu Okeyo, aliyekaa pale mbele na kitenge cha bluu. Nitaanza na lile jepesi.

Mheshimiwa Diwani, uyoga wetu unaota kwenye mabua ya mpunga, na mabua hayo lazima yachemshwe ili wadudu wafe kabla ya kupanda mbegu. Wenzetu wengi huchemsha kwa kuni. Sisi tunachemsha kwa pumba za mpunga, zile zile ambazo zamani zilikuwa zikichomwa kando ya barabara na kututoa machozi. Maji yetu ni ya mvua, yanatoka kwenye paa hilo. Tulianza na mifuko ya nailoni, tukaiacha. Leo tunaotesha kwenye ndoo zilizotobolewa, ambazo zinaoshwa na kurudi kazini. Na mabua yakishachoka kuzaa hatuyatupi mtaroni yakaishia ziwani, bali tunayaozesha yawe mboji, na mboji hiyo ndiyo iliyonenepesha mchicha wa jirani yetu Mhoja, yule aliyevaa koti, ambaye mwanzoni alikuwa akituita wachawi wa gizani. Usijifiche, Ndugu Mhoja, tumeshakusamehe.

Haya yote tuliyapata wapi? Masomo na mbegu alituletea Ndugu Josephat. Ukali alituletea Mama Agutu.

Siku niliyojiunga nilikuja na viatu virefu. Mimi ni mtoto wa duka, wa mjini, nilidhani kilimo cha ndani ya nyumba ni kazi ya kusimama na kutazama. Mama akaniangalia kuanzia chini kwenda juu, akasema, "Wewe Shamsa, umekuja kuolewa na uyoga?" Nikavua viatu. Na walipotokea wanachama waliokuwa wakionekana siku ya mauzo tu, ni yeye aliyesimama akapendekeza sheria yetu ya kwanza: asiyeingia bandani si mwenzetu. Tuliipitisha kwa makofi, na wavivu wakapungua.

Alikuwa na tabia moja. Kwao Rorya, mvua za kwanza zikinyesha, watoto walitumwa kwenye vichuguu kuchuma uyoga, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuumaliza. Ilikuwa lazima ubakize mmoja, ukunjuke, ukomae, ili mwakani uote tena. Basi Mama akaileta desturi hiyo bandani, na kila ndoo akawa anabakiza mmoja. Ndugu Josephat alimwambia mapema kabisa, "Mama, hapa mbegu tunanunua. Huo unaoubakiza unamwaga vumbi lake tu." Mama akamjibu, "Mwanangu, kwenu hamkufundishwa kubakiza?" Tukacheka sote, na Ndugu Josephat akarudi kwenye ndoo zake. Asubuhi tulikuwa tukifungua mlango na kukuta vumbi jeupe limetanda juu ya ndoo, na niwaambie ukweli, tulikuwa tunaona pazuri.

Kisha Mama akaanza kukohoa. Tukasema ni moshi wa pumba. Tukasema ni baridi ya asubuhi. Alipofika hospitali akaambiwa ni lile vumbi la uyoga, limeyachosha mapafu yake, na asiingie bandani tena.

Ndugu zangu, tulilinda miti. Tukalinda ziwa. Wageni walikuja wakatupiga picha na pumba zetu na ndoo zetu, na muda wote huo mwenzetu alikuwa anakohoa kwenye kona. Nawauliza, kilimo kinachotunza kila kitu isipokuwa mkulima mwenyewe, tukiite endelevu kwa lipi? Ndiyo maana banda hili la pili lina madirisha ya wavu pande zote mbili. Ndiyo maana kila anayeingia anavaa barakoa, hata wewe, Mheshimiwa, utavaa. Na uyoga tunauchuma kabla kofia yake haijakunjuka, wote, hatubakizi.

Sasa nije kwenye lile zito.

Wiki ile ile aliyotoka hospitali, Mama alikuja kwangu. Hakukaa. Alinishikisha ufunguo wa banda, akasema, "Sheria ni yangu mwenyewe, Shamsa. Asiyeingia bandani si mwenzetu. Nisije nikawaharibia kikundi." Akaondoka. Alipofika penye kona alisimama kukohoa, akashika ukuta, halafu akaendelea. Niliumia sana. Mtu aliyetukusanya wote anatoka kwa sheria aliyoitunga kwa ajili ya wavivu, na mimi nimesimama mlangoni na ufunguo mkononi, sina la kumwambia.

Leo ninalo. Mama, jana tulikutana bila wewe, na usikasirike, tumeifuta sheria yako. Wanaokusanya mabua hawaingii bandani, ni wenzetu. Wanaouza sokoni hawaingii bandani, ni wenzetu. Na Ndugu Mhoja, bila kuombwa, ametukatia kipande cha shamba lake kwenye uzio wetu. Tumepanda mchicha na sukumawiki kwa mboji iliyokwisha kuiva. Tumemuuliza daktari, amesema nje, penye upepo, unaruhusiwa, ila mboji mbichi usiiguse, na tutakuwa tunakuchunga. Hapo ndipo utakapowapokea wanachama wapya na kuwafundisha kabla hawajashika ndoo. Na mwisho kabisa wa shamba, mbali na benchi tulilokuwekea, mvua ya juzi imeotesha uyoga kwenye mabaki ya mabua. Hatujauchuma. Tumeubakiza.

Naona unafuta macho, Mama. Ngoja kidogo, nisije nami nikashindwa kumaliza.

Mheshimiwa Diwani, utepe uko kwenye mlango wa banda, tunakuomba uukate. Lakini lile jambo la pili kwenye kadi, la kumuaga, tunaomba ulifute, kwa sababu hatumuagi mtu. Mama Agutu, ule ufunguo wa banda sikurudishii. Huu hapa ni wa geti la bustani. Benchi lake limetazama dirisha la banda, ukimwona mtu ameingia na viatu virefu, mfokee kutoka huko huko. Njoo uuchukue.

Kwa kunivumilia na kunisikiliza, nawashukuru sana nyote. Sasa naomba tusimame, mwenzetu anakuja.