Mzee Mutunga Anafunga Vali

Baada ya miaka ishirini na tisa katika karakana yetu ya kuunda bodi za mabasi hapa Shauri Moyo, Mzee Joseph Mutunga atastaafu Ijumaa, tarehe 28 Juni 1996. Tumejaribu kuizoea habari hii tangu Pasaka, na bado haijazoeleka.

Aliajiriwa mwaka 1967 kama kibarua wa kubeba mabati. Siku hizo mashimo yalitobolewa kwa drili ya mkono na ribiti, vile vipini vya kuunganisha mabati, zilipigwa kwa nyundo. Kompresa ya kwanza, mashine ya kushindilia upepo, ilipoletwa, wengi waliikimbia kwa kelele zake. Yeye aliisogelea, akaisoma, hatimaye akawa msimamizi wa vifaa vyote vya upepo. Mgeni hakushika drili wala bunduki ya ribiti kabla Mzee hajamfundisha: vaa miwani, kagua mpira wa kupitishia upepo kama una ufa, hakikisha viungo vimefungwa kwa pini, na usibadilishe ncha kabla ya kufunga vali na kubonyeza kifaa mpaka upepo uliobaki utoke wote. "Ikishaacha kupumua," alipenda kusema, "ndiyo uiguse."

Jambo lililomkera kuliko yote ni mtu kujipuliza nguo kwa mpira wa upepo jioni ili kuondoa vumbi. Upepo ule unaweza kutia chembe jichoni, hata kupenya ngozi. Basi Mzee akanunua brashi mbili huko Kariokor, akazitundika mlangoni. Na kwa kuwa hakuna mtu anayefikia mgongo wake mwenyewe, tukazoea kupigana brashi. Ni pale mlangoni ambapo fundi wa ribiti aitwaye Luseno aliniomba mimi, Ayuma wa stoo, nimpanguse mabega. Mabega yale! Vumbi liliisha, mimi nikaendelea tu. Mwezi jana tulifunga ndoa, na hata ninapoandika haya moyo unanidunda.

Tena pete isingepata pa kukaa kama si Mzee. Mwaka 1993 kuna basi lililokuwa linasubiriwa, mwenyewe amesimama getini akitutazama kwa hasira. Luseno, kwa haraka, alikishika kichwa cha drili kwa mkono wa kushoto ili abadilishe ncha, upepo ungali ndani, na kidole cha mkono wa kulia kiko kwenye kitufe. Mzee alimwona kutoka upande wa pili. Kupiga kelele kusingesaidia kitu, kwa hiyo aliruka akafunga vali kubwa. Vifaa vyote vikakata pumzi na karakana nzima ikanyamaza.

"Nani amezima?" mwenye basi akafoka. "Mzee, unanichelewesha!"

"Basi lako utaondoka nalo jioni," Mzee akamjibu kwa upole. "Lakini huyu kijana hajaoa bado. Kidole kikienda, bibi atamvika pete wapi?"

Tulicheka mpaka Luseno akajificha nyuma ya mabati. Mwezi jana, kanisani, nilikishika kidole hichohicho cha mkono wa kushoto, kizima, chenye joto, na Mzee kwenye benchi la mbele alikuwa akipangusa macho kwa kofia yake.

Yeye mwenyewe amekaa chumba kimoja mtaani Majengo miaka hii yote, huku mkewe, Mama Kaluki, akilima nyumbani Mbooni. Wameonana mwisho wa mwezi na Krismasi tu. Mimi Luseno akienda tu kununua chai naona amekawia. Sijui wapendanao hawa wamevumiliaje.

Labda jibu liko kwenye vizibo vya masikio. Mzee hakuwahi kuikaribia kompresa bila vizibo, hata zamani alipotumia pamba. Aloo, fundi wa rangi, hakuacha kumtania: "Mzee, na ulivyojiziba hivyo, parapanda ikilia si utabaki hapa na kompresa?"

"Hiyo nitaisikia kukushinda," Mzee akamwambia siku moja. "Haya masikio nimemtunzia Mama Kaluki. Huimba akipika. Nilimwahidi nikirudi nitamrudia mzima, na sitaki nifike nianze kumuuliza, eti umesema?"

Tangu siku hiyo Aloo naye anavaa vizibo.

Ijumaa saa kumi jioni Mzee atafunga vali, na tutangoja mpaka mpira wa mwisho uache kupumua. Jumatatu Luseno ataifungua. Brashi zitabaki mlangoni, lakini nani atazipanga baada yetu kuziacha ovyo? Tayari tunakukosa, Mzee, na bado hujaondoka.

Asante kwa vidole vyetu na macho yetu. Mungu akupe asubuhi nyingi tulivu huko Mbooni. Na Mama Kaluki akikuita kutoka jikoni, hata kwa sauti ndogo kabisa, uitike.