Maji ya Kwanza

Kijiwe chetu ni ubao mmoja juu ya matofali, ukingoni mwa mtaro ambao watu wa mradi wa maji wameuchimba mtaa mzima. Leo alfajiri mabomba mapya yalifunguliwa. Kahawa ya kwanza haijamiminwa, pacha wa nyumba ya mlango wa kijani, hapo ng'ambo tu, wakawa wameyanywa maji yale, wakatapika, wakakimbizwa hospitali, mmoja hajitambui. Sisi tukakaa tukazungumza, maana ndiyo kazi tunayoiweza.

— Wametumaliza hawa! alianza Redio, ambaye habari ikimfikia asubuhi, jioni imeshazaa. Mradi mkubwa namna hii, halafu raia hatuambiwi kitu.

— Mficha uchi hazai, akadakia Kinyozi.

— Sasa hiyo inaingiaje hapa?

— Inaingia tu. Wameficha.

Muuza kahawa alikuwa anasuuza vikombe kwa maji ya dumu. Ya bomba hakuyagusa.

— Lakini jamani, akasema, yule dada wa mradi si alipita hapa juzi? Yule wa kizibao cha njano. Alisema maji ya kwanza yana dawa kali ya kusafishia mabomba, yamwagwe, asinywe mtu mpaka atangaze. Akawaomba mpite nyumba kwa nyumba.

Kinyozi akakohoa.

— Alipita, ndiyo. Mzee hapa akamwambia asihofu, penye wengi hapaharibiki neno.

— Nilimwambia, alisema Mstaafu, mkubwa wetu kwa umri. Na tukagawana mtaa. Mimi upande wangu nilipita.

— Nyumba zipi? aliuliza muuza kahawa.

— Yangu. Na ya mkwe wangu.

— Na upande huu wa mlango wa kijani ulikuwa wa nani?

Nikatazama kikombe changu. Wenzangu nao wakatazama vyao.

— Tusitoke kwenye mada! Redio akapaza sauti. Dawa ya bomba gani inamtoa mtoto fahamu? Hapa tunajaribiwa, bwana. Tumekuwa panya wa maabara.

Kinyozi akapata nguvu.

— Panya? Afadhali hata panya. Angalia mtaro huo, mtu mzima anazama. Bomba gani linazikwa chini hivyo? Hawa wanatafuta madini. Maji ni kisingizio.

— Madini wameshayapata, akamalizia Mstaafu. Sasa wanataka tuhame wenyewe. Maji machungu kidogo, watoto wawili watatu, mtaa mtupu. Haba na haba hujaza kibaba.

Naona aibu kusema, lakini moyo wangu ulitulia. Adui akiwa mbali hivyo, kahawa inashuka vizuri.

Ndipo akaja baba wa pacha. Ni mlinzi wa usiku, mchana hulala, hajawahi kuketi nasi hata siku moja. Alikuwa bado na sare ya kazi.

— Shikamoo, mzee. Habari zenu, jamani.

— Marahaba, mwanangu. Pole sana. Watoto wanaendeleaje?

— Mmoja ameacha kutapika. Mwenzake wamemwekea mashine ya kupumulia. Nimefuata nguo zao.

— Mungu atasaidia, alisema Kinyozi. Hawa watu wa mradi wana laana.

Yule baba akatikisa kichwa taratibu.

— Dada wa mradi yuko kule hospitali, analia. Anasema ujumbe aliuacha hapa kwenu, na mkaupokea. Juzi na jana mke wangu alikuwa anafua pale mlangoni mchana kutwa. Anasema alikuwa anawasikia mkicheka. Silaumu mtu, nauliza tu: kuna aliyemwita?

Mstaafu akaanza kutafuta fimbo yake, nayo ilikuwa mkononi. Mimi nilikuwa nimeketi upande wa karibu kabisa na nyumba ile.

Yule baba alisubiri. Alitusubiri kwa adabu, akimtazama kila mmoja kwa zamu yake, kisha akasema, haya basi, akaenda kuchukua nguo za watoto.