Mama Orpa Katungu na Maji Ndani ya Mazutu

Wasikilizaji wapendwa wa Butembo na wa Beni, na ninyi wa Oicha mliobeba redio mpaka shambani kwenye kakao, karibuni. Leo tunamkumbuka Mama Orpa Katungu. Alifariki Jumanne iliyopita kule Oicha, nyumbani kwa binti yake Eliane. Alikuwa na miaka sitini na nane. Wengi wenu mlimjua kwa jina lingine: Mama Permanganate. Nitawaambia jina hilo lilitoka wapi.

Orpa alizaliwa Kyavinyonge, kando ya ziwa. Shule aliiacha mwaka wa nne. Akiwa msichana alipiga deki katika kituo cha afya huko Mutwanga. Pale aliona manesi wakitumia permanganate, zile punje nyeusi za kuoshea vidonda na mboga. Tia punje moja ndani ya maji, maji yanageuka zambarau palepale. Jambo hilo lilimkaa kichwani.

Aliolewa na Papa Phinées, shofa, yaani dereva, wa Butembo. Phinées alikuwa na kamio yake mwenyewe, lori la Mercedes la zamani lenye pua ndefu. Alibeba maharage na akina mama wa soko. Butembo mpaka Beni, Beni mpaka Butembo.

Halafu vita. Mwaka 1999, wanajeshi walioshika Butembo waliweka depo yao ya mazutu, yaani dizeli, kwenye njia ya kutokea. Kila kamio ililazimika kujaza pale. Usipojaza, hupiti. Na mazutu ile ilichanganywa na maji.

Wasikilizaji, maji ndani ya mazutu si jambo la mchezo. Maji ni mazito, yanakaa chini ya tangi. Unaondoka vizuri, unaimba. Ukifika mlimani yanaingia kwenye pompi, ile pampu ya mafuta, injini inakohoa, inazima. Na miaka ile, kamio iliyozima njiani ilikuwa chakula cha wenye bunduki.

Kamio ya Phinées ilizima kwenye kilima cha Kabasha, saa nne asubuhi. Watu wenye silaha walitoka vichakani. Phinées aliwapigia abiria kelele wakimbie. Wote walipona. Yeye alibaki akisukuma pompi kwa mkono, akijaribu kuiamsha injini. Walimpiga risasi akiwa bado ameishika.

Kamio ilipokokotwa mpaka mjini, fundi Sadrack alifungua tangi. Akamwita Orpa. "Mama, angalia," alisema. "Hii hapana mazutu. Hii ni muto."

Mdogo wake Orpa, Papa Ésaïe, ambaye humwita yaya, yaani dada mkubwa, alitueleza hivi: "Tulimwambia, yaya, uzisha ile kamio, urudie kulima. Akasema, 'Nikiuzisha, mwenye atainunua atakufa Kabasha vilevile.'"

Hakuiuza. Alimwandika kazi shofa mwingine, Lusenge, na yeye mwenyewe akakaa mbele, kando yake. Mkononi alikuwa na chupa tupu nyeupe, ya kuonyesha ndani. Kwenye pindo la kitenge alifunga punje za permanganate. Lengo lake lilikuwa moja: asife mtu mwingine kwa sababu ya maji yale.

Siku ya soko, mwezi wa tatu mwaka 2000. Makamio kumi na mbili yalikuwa kwenye mstari wa depo. Ya Mama Orpa ilikuwa ya kwanza, mbele ya mlango wa kutokea. Walipomaliza kumjazia, alimwambia Lusenge asiwashe. Kamio ikae kimya nusu saa, maji yatulie chini. Alikuwa amekuja na Sadrack. Sadrack akalala chini ya kamio, akalegeza buloni, yaani bolti, ya chini ya tangi. Mama akakinga chupa, akatia punje.

Mazutu safi haibadiliki rangi. Chupa ile iligeuka zambarau, kutoka chini mpaka nusu.

Sasa, mnajua desturi ya vizuizi vyetu. Askari hasemi "nipe hongo". Anasema, "Mama, maji kidogo." Askari wa pale mlangoni hakuwa ameangalia chupa. Alikuja tu, mkono mbele, kama kila siku.

"Mama, maji kidogo."

Mama Orpa akamwekea chupa mkononi. "Mulituomba maji kila siku. Ni hii. Kunywa."

Papa Lusenge anasema mashofa walianza kucheka mmoja mmoja, halafu wote. "Tulicheka sawa wenda-wazimu. Hata mwenzake yule askari alicheka."

Kamanda wao akatoka. Hakucheka.

"Toa kamio kwa mlango!"

"Hapana."

"Unajua miye ni nani?"

"Ninajua. Weye ni muuzisha-maji."

"Mama, nitakupiga risasi."

"Piga. Bwana yangu mulishamuua na hii maji. Lakini kamio itabaki hapa. Funguo nimetupa mu choo yenu. Mukiitaka, muingie."

Na kweli, alikuwa amezichukua kwa Lusenge na kuzitupa wakati ule wa kungojea maji yatulie.

Walimpiga. Walimpeleka kashoti, yaani mahabusu. Alikaa ndani siku nne. Wasikilizaji wapendwa, siku nne, na hakuna aliyejua kama atatoka mzima.

Nje, mashofa waliacha kucheka. Lakini hawakuondoka. Sadrack aliwagawia punje alizoachiwa na Mama. Kila mmoja alifungua buloni yake, akapima mabaki ya mazutu aliyojaziwa pale safari iliyopita, akapanga chupa juu ya ukuta wa depo. Chupa kumi na mbili, zote zambarau. Hakuna kamio iliyokwenda Beni. Siku ya tatu soko la Beni halikuwa na maharage. Siku ya nne jiko la wanajeshi wenyewe halikuwa na kitu. Watu wa mjini wakaanza kuja kuangalia chupa, na watoto wao.

Siku ya nne mchana walimtoa. Alikosa meno mawili ya mbele. Kizuizi kilifunguliwa, na tangu hapo kila shofa alijaza alipotaka, akapima mbele ya yeyote. Sitawadanganya. Wauza maji hawakuisha. Lakini kamio ya Mama Orpa haikuzima tena Kabasha, na mashofa wa njia ile walijifunza kutembea na chupa.

Eliane alimuuliza kama hakuogopa. Mama akamjibu: "Niliogopa mpaka magoti inacheza. Lakini magoti haina mudomo."

Alhamisi tulimzika Oicha. Pasta alisema mbele ya kaburi kwamba marehemu alikuwa mama mpole, mtu wa kunyamaza. Papa Lusenge, mzee sasa, akainua fimbo yake. "Pasta, samahani. Hapana. Huyu hakunyamaza." Watu walicheka, machozi yakitoka. Pasta naye akaitikia kwa kichwa, akasema, "Basi, tuseme ukweli," akaanza upya.

Kwa Eliane, kwa Papa Ésaïe, kwa wajukuu, na kwa mashofa wote wa njia ya Butembo na Beni: poleni sana. Mungu awatie nguvu.

Na wewe unayenisikiliza, jiulize leo. Ni kitu gani unauziwa ukijua kimeharibika, na bado unasema asante? Ukishakijua, kitaje. Kitaje mchana, mbele ya watu.