Nyundo ya Mama Chapa

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Mama Chapa. Kwa miaka ishirini na miwili alisimama kwenye yadi ya magogo, nyundo mkononi. Nyundo ile ilichongwa alama, na gogo lisilo na alama hiyo halikupanda meli. Nyundo ilikuwa moja tu. Narudia, moja tu.

Kabla ya kupiga chapa aligonga gogo mara moja kwa kitako cha nyundo, akatega sikio. Mti uliokomaa ulijibu kwa sauti nzito. Mti mchanga ulitoa mlio mwembamba, naye akasema, "Huyu bado mtoto. Mrudisheni kwao." Vijana wa yadi walimwuliza arudi kwa nauli ya nani.

Hata nyumbani aligonga meza kabla ya kupakua chakula. Mumewe, fundi wa msumeno kiwandani hapohapo, alimtania kwamba siku moja atamgonga na yeye kichwani, asikie kama amekomaa. Akajibiwa kwamba hilo halihitaji nyundo.

Sasa, mnakumbuka wakubwa walivyojisifu kwamba mauzo ya magogo nje yamepanda? Yalipanda, ndiyo. Walihesabu magogo, hawakupima unene. Zamani lori lilijaa kwa magogo tisa. Mwaka jana lori lilelile lilibeba arobaini. Miti ya kungoja miaka ishirini na mitano ilikatwa ikiwa na kumi na mitatu.

Mama Chapa akagoma kuipiga chapa. Meneja akasema meli haingoji. Magogo yakazidi kuja, yakarundikwa kupita paa la ofisi, bila vigingi vya kuyazuia. Alhamisi adhuhuri rundo likaporomoka, naye yuko chini yake.

Siku ya tatu baada ya mazishi meneja alifika msibani. Hakukaa. Alitaka nyundo. Nyumba ni ya kiwanda, watoto wamo ndani. Fundi akaichukua dirishani jikoni, pale marehemu alipozoea kuiweka, akampa. Alimpa kwa mikono yake mwenyewe. Hilo halimpi usingizi.

Magogo machanga yakapigwa chapa yote, yakasafirishwa. Baada ya wiki saba yakarudi. Wanunuzi waliyakataa, hayakuwa na chapa.

Kontena lilifunguliwa mchana kweupe, fundi akiwepo. Nyuso za magogo zilikuwa laini, kama hazijawahi kuguswa. Meneja akaeleza kwamba mti mbichi huvimba, alama ikajifunga. Huenda. Lakini mle ndani gogo likasikika likigongwa, ko. Kimya. Kisha ko, kwenye gogo la pili. Kimya. Likafuata la tatu. Vijana wa yadi hawakucheka.

Meneja akaagiza nyundo, yapigwe upya. Droo alimoifungia ilikuwa na kufuli lake, ila ndani mlikuwa mtupu. Fundi aliporudi nyumbani aliikuta dirishani jikoni, imelowa utomvu mbichi.

"Baba, mimi usiniulize," binti yake alisema. "Nilidhani umeirudisha wewe."

Jana meneja alikuja tena kuitaka, akakumbusha nyumba ni ya nani. Safari hii fundi alisimama mlangoni.

"Chukua nyumba yako," alisema. "Nyundo, mwenyewe kaifuata."

Tunawapa pole fundi na wanawe, ambao asubuhi hii wanafunga virago. Wakubwa hawajatuma hata salamu.

Na wewe msikilizaji, hapo ulipo pana meza, pana mlango, pana kitanda. Gonga mara moja. Tega sikio. Ujiulize unamlalia mtoto wa nani.