Mkeka Mlangoni mwa Jiko Letu

Jina la Bwana liinuliwe, ndugu zangu, kuanzia Tukuyu mjini hadi Kisiba ziwani.

Mnanifahamu. Mimi ni Baba Tusa wa Lufingo, niliyesoma masomo ya jioni mpaka kidato cha nne, dawati moja na watoto wa marafiki zangu, na tangu nifaulu hata migomba yangu hunisalimia kwa heshima. Ndiyo maana kanisa lilipotafuta watu wa kusomea ushauri nasaha wa familia, ili tusaidie vijana waliopotea, jina langu lilipita kabla sijaketi.

Kumbe aliyepotea kuliko wote alikuwa wangu.

Tusajigwe, Tusa wetu, alikuwa na miaka kumi na mitano. Soko huria lilishafika Kiwira, mabanda ya video na pombe barabara nzima, na binti yangu akahamia huko. Akirudi, hasemi. Unamwuliza jambo, anakutazama kama ukuta. Nilimchapa, nikafunga na kuomba, nikalia shambani mpaka nadhani chai yangu ilifika kiwandani na chumvi yake. Mke wangu akaacha kula. Ndugu zangu, nilifika mahali nikamwomba Mungu amchukue mtoto yule angali ananitambua. Ndivyo nilivyoomba.

Kwenye mafunzo, yaliyopokea watu wa kila dini, kila mmoja alihitaji familia ya kujifunzia. Familia aliyopangiwa Mama Hadija, muuza vitenge wa Tukuyu niliyesoma naye, ilighairi, nikamwambia aje kwangu. Mkufunzi wetu, mtu wa Dar, akaja naye, akapanga viti duara sebuleni: mimi, baba yangu mzee, mke wangu, Tusa. Mke wangu akaingia, akaona kiti chake kinatazamana na cha mzee, akajifunika kanga usoni na kutokea mlango wa nyuma.

"Mama hashirikiani," mkufunzi akasema. "Tatizo liko kwake."

"Mwalimu wangu," Mama Hadija akamjibu, "huku mke hakai chumba kimoja na baba mkwe. Ungemwekea kiti juu ya moto, angekaa upesi zaidi."

"Sasa hao wawili huongeaje?"

Ndipo Tusa, ambaye hatukuwa tumeisikia sauti yake tangu masika, akasema, "Wanaongea na mimi."

Tukamgeukia.

"Babu anasema, kamwambie mama yako ni mvivu. Mama anasema, kamwambie babu yako ale anachopewa. Nikifikisha nachapwa, nisipofikisha nachapwa. Tangu nijue kutembea. Kule Kiwira hakuna anayenituma."

Ndugu zangu, nilitamani ardhi ya Rungwe ipasuke kama zamani ilipotema moto.

Mama Hadija hakutuhubiria. Alichukua mkeka wetu, akautundika mlangoni mwa jiko, hapo hapo kando ya sebule, akamwita mke wangu akae jikoni nyuma ya mkeka. "Mama Tusa, leo sema na mzee mwenyewe. Mtoto apumzike."

Tulingoja mpaka chai ikapoa. Kisha sauti ikatoka nyuma ya mkeka. "Baba, nimezika watoto katika nyumba hii. Hukuwahi kunipa pole."

Mzee akajibu, "Pole nilikupa. Nilimtuma mtoto."

"Nilikuwa mdogo, babu," Tusa akasema. "Nilisahau."

Baba yangu akajikokota na fimbo yake hadi karibu na mkeka, akauinamia. "Basi pole, mwanangu. Pole kwa wote."

"Ndaga, baba," mke wangu akashukuru, akilia.

Na Tusa? Alilala palepale kitini, mdomo wazi, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Sisemi amepona. Alirudi Kiwira baada ya hapo, nami nikamfuata nikilia njia nzima. Lakini sasa akirudi anaongea, hata kama ni kunigombeza. Namshukuru Bwana kwa hilo tu. Namshukuru pia kwa Mama Hadija, asiyesali kama sisi, na bado alitumwa kwetu.

Wewe uliyechoka kumwombea mwanao, usiuachie mkono wa Mungu. Tuite tuje. Kwanza tutauliza nani kwenu haketi na nani, ndipo tupange viti.

Binti yangu ameingia sasa hivi, yuko benchi la nyuma hapa kanisani. Ndugu zangu, nawaomba msigeuke. Mwacheni akae.